JE, SELI HIZI NI ZA NANI? Umuhimu wa kuthibitisha majina kabla ya kuamini matokeo ya utafiti

Utangulizi



Kurasa hizi kwa kawaida huzungumzia visima, zahanati, ada za watoto yatima na kahawa. Safari hii tunazungumzia jambo linalofanyika mbali na Mbozi, ndani ya maabara, lakini matokeo yake hufika hadi kwenye dirisha la dawa la zahanati zetu.

Tunalileta kwenu kwa sababu ya maswali mawili ambayo tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara. Kamati za sharika hutuuliza: watafiti wanapochukua damu au kinyama kutoka mwilini mwa ndugu zetu, kinakwenda kufanya kazi gani? Wafadhili nao hutuuliza: fedha zinazotolewa kwa ajili ya utafiti wa saratani na magonjwa mengine, je, zinatumika ipasavyo? Maswali haya si ya nadharia tu kwetu sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Jirani yetu, mjini Mbeya, kipo kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR, na watu wengi wa mikoa ya Mbeya na Songwe wamewahi kushiriki katika tafiti za UKIMWI na kifua kikuu.

Majibu ya maswali yote mawili yanapita kwenye jambo moja ambalo halizungumzwi sana nje ya maabara: seli zinazotumika katika utafiti mara nyingine si zile zilizoandikwa kwenye kichupa.

Mfano wa miche ya kahawa

Hapa Mbozi hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wakulima wengi wanaifahamu miche ya kahawa inayozalishwa kwa vikonyo, na kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kipo hapa hapa Mbimba. Mche wa kikonyo hautokani na mbegu. Unatokana na kipande cha mti mama, na kwa hiyo una sifa zile zile za mama yake. Mama akiwa na uwezo wa kuhimili chule buni na kutu ya majani, watoto wote watakuwa nao.

Sasa tuchukulie kwamba kwenye bustani ya miche vibao vya majina vimebadilishana. Majani yanafanana. Mkulima ananunua, anapanda, anapalilia na kuweka mbolea. Baada ya miaka mitatu au minne chule buni inaingia na matunda yanaoza mtini. Mkulima atalaumu mvua, ataulaumu ukungu, atalaumu dawa. Kumbe kosa lilikuwa kwenye kibao. Na kama kikundi kizima kilichukua miche kutoka bustani hiyo, wote wamepata hasara ile ile, tena wamekwisha kuwagawia majirani vikonyo.

Hicho ndicho kilichotokea, na bado kinatokea, katika maabara nyingi duniani.

Ukoo wa seli ni nini?

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Seli za kawaida zikitolewa mwilini hugawanyika mara chache kisha hufa. Lakini baadhi ya seli, hasa za saratani, huendelea kugawanyika bila kikomo zikiwekwa kwenye chombo chenye lishe na joto linalofaa. Seli zote zinazotokana na kipande kimoja cha mgonjwa mmoja huitwa ukoo wa seli. Ukoo hupewa jina, hugandishwa kwenye baridi kali, hugawiwa, hutumwa kwa ndege, na unaweza kuishi miaka mingi baada ya mwenye mwili kufariki.

Kwa kutumia koo hizi watafiti hujaribu dawa kabla ya kuwapa wanyama au watu. Anayetafuta dawa ya saratani ya titi hutafuta ukoo uliotoka kwenye titi, na anayetafuta dawa ya saratani ya ini hutafuta uliotoka kwenye ini. Kazi yake yote inasimama juu ya jina lililoandikwa kwenye kichupa.

Afrika Mashariki katika historia hii

Wengi hudhani mambo haya ni ya Ulaya na Marekani peke yake. Sivyo. Sehemu muhimu ya historia hii ilianzia kwa jirani zetu.

Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya unaowapata watoto. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, mmoja wao akiwa Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva nchini Uganda, walisafiri kwa gari umbali wa takriban maili 10,000 kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika na kurudi. Waliuliza hospitali moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa za misheni, kama zimewahi kuuona uvimbe ule. Leo ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt. Tunakumbusha hapa kwamba unatibika ukigunduliwa mapema. Mtoto mwenye uvimbe wa taya au tumbo unaokua haraka apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Machi 1961, mjini London, mtafiti Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akieleza habari hizo, akashuku kwamba kuna kirusi kinachohusika. Kwa zaidi ya miaka miwili vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, lakini hakuona kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Sampuli ilipomfikia Epstein, maji yaliyokuwa ndani ya chupa yalikuwa na ukungu kama maji ya pombe. Kwa kawaida hiyo ni dalili kwamba bakteria wameingia, na sampuli ya namna hiyo hutupwa.

Epstein hakuitupa kwanza. Alichukua tone moja akaliangalia kwenye hadubini. Hakukuta bakteria. Alikuta seli hai za uvimbe zilizokuwa zimejitenga na kuelea. Kutokana na seli hizo yeye na Yvonne Barr waliotesha ukoo walioupa jina EB1, na mwezi Machi 1964 wao pamoja na Bert Achong wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani yake. Wataalamu wengine waliona mashaka, hivyo seli zikapelekwa Philadelphia, Marekani, kwa Werner na Gertrude Henle, ambao walithibitisha kwamba hicho ni kirusi kipya. Kinaitwa Epstein-Barr, na ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Tunaomba msomaji alizingatie tukio hili. Kitu kilichoonekana kuwa kibovu kilikuwa kizima, na kilichookoa ugunduzi huo ni mtu mmoja kuangalia kabla ya kuamua. Kisha maabara nyingine ikaangalia tena.

Koo nyingine zilifuata. Mwaka 1967, kwenye Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, Eva na George Klein waliotesha seli kutoka kwenye uvimbe wa kijana wa miaka 16 wa Kenya. Ukoo huo unaitwa Daudi, na hadi leo unatumika katika maabara za nchi nyingi. Ukoo mwingine, Namalwa, uliotoka kwa mtoto wa Kiafrika mwenye ugonjwa huo huo, ulitumiwa na kampuni ya Wellcome ya Uingereza kutengeneza dawa ya intaferoni. Majina haya si mageni masikioni mwetu. Nyuma ya kila kichupa kuna mtoto wa mtu, na wakati huo familia hazikuulizwa kama tunavyotaka ziulizwe leo.

Kosa lilivyogunduliwa

Ukoo maarufu kuliko wote unaitwa HeLa. Ulitokana na Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi mwenye watoto watano, aliyetibiwa saratani ya shingo ya kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Seli zake zilichukuliwa mwaka 1951 bila yeye kuombwa ridhaa, naye akafariki tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo akiwa na miaka 31. Seli zake zilikuwa za kwanza za binadamu kuishi na kuongezeka bila kikomo maabarani. Zilisaidia kupima chanjo ya polio katika miaka ya 1950, na zimesaidia katika tafiti nyingi mno tangu hapo.

Lakini nguvu ya seli hizo ilikuwa pia tatizo. Zinakua haraka na hazichagui mazingira. Seli chache zikidondokea kwenye chombo cha seli nyingine, baada ya wiki chache wageni wamewamaliza wenyeji. Kwa macho hakuna anayetambua. Ni kama ule mfano wa magugu na ngano tunaoufahamu sote: shambani vinafanana, na tofauti huja kuonekana wakati wa mavuno.

Mwaka 1966 mtaalamu wa urithi Stanley Gartler aliwaeleza watafiti wenzake habari ambayo hawakuipenda. Alikuwa amepima kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho wahudumu wetu wa afya wanakifahamu kwa sababu upungufu wake huangaliwa mtu anapopewa primakwini ya malaria. Kimeng'enya hiki kina aina mbalimbali, na aina A hupatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika peke yao. Gartler aliikuta aina A katika koo 18 zilizodaiwa kutoka kwa watu tofauti, wakiwemo wazungu. Maelezo yaliyofaa yalikuwa moja: zote zilikuwa HeLa.

Baada yake Walter Nelson-Rees, huko California, aliendelea kupima na kuchapisha orodha za koo zilizokosewa majina. Katika miaka ya 1970 seli zilizotumwa Marekani kutoka Urusi ya Kisovyeti kama seli za saratani mbalimbali, nazo alizikuta ni HeLa. Baadhi ya watafiti hawakumpenda kwa kuwataja hadharani. Wengine waliendelea kutumia seli zile zile kama kwamba hakuna kilichosemwa.

Makosa haya hutokeaje?

Ni muhimu kueleza kwamba mara nyingi hakuna udanganyifu. Ni uzembe mdogo mdogo wa kila siku, kama vile:

- kutumia pipeti moja, au chupa moja ya lishe, kwa koo mbili tofauti;
- kuandika jina kwa mkono kwenye kichupa kidogo, wino ukafutika kwenye baridi;
- kuchukua kichupa jirani kwenye friza kwa bahati mbaya;
- kupokea seli kutoka kwa rafiki wa maabara nyingine, naye alizipata kwa rafiki, bila yeyote kupima;
- kutunza ukoo mmoja kwa miaka mingi bila kurudi kwenye akiba ya mwanzo.

Kuna pia uchafuzi wa aina nyingine. Maikoplasma ni bakteria wadogo sana wasio na ukuta wa nje. Hawaonekani kwa hadubini ya kawaida, na penisilini haiwadhuru kwa sababu dawa hiyo hushambulia ukuta ambao wao hawana. Baadhi huishi kinywani mwa binadamu, hivyo huweza kutoka kwa mfanyakazi mwenyewe. Seli haziharibiki waziwazi, ila tabia yake hubadilika, na matokeo ya majaribio hubadilika nayo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kati ya seli 15 na 35 katika kila 100 zinazooteshwa maabarani zina maikoplasma.

Inatuhusu nini sisi?

Tutoe mifano mitatu ya magonjwa yanayotugusa.

*Saratani ya Kaposi.* Hapa Tanzania na Uganda ugonjwa huu umewasumbua wengi, hasa wanaoishi na VVU. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore waligundua kirusi kinachouleta. Ili kukichunguza, watafiti wengi walitumia ukoo uitwao SLK, wakiamini ulitoka kwenye uvimbe wa Kaposi na kwamba ni seli za kuta za mishipa ya damu. Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani walipima vinasaba vyake, wakakuta ni ukoo mwingine kabisa uitwao Caki-1, uliotoka kwenye saratani ya figo. Kila hitimisho lililosema "hivi ndivyo mishipa ya damu inavyofanya" ikabidi liangaliwe upya.

*Saratani ya umio.* Ukanda wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya, Tanzania na Malawi, una wagonjwa wengi wa saratani ya njia ya chakula. Aina inayotupata sisi si ile iliyozoeleka Ulaya, na utafiti wake ni mchache. Katika aina ile ya Ulaya, mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba koo tatu zilizotumika sana hazikutoka kwenye umio hata kidogo: mmoja ulikuwa wa pafu, mwingine wa utumbo mpana, na wa tatu wa tumbo. Wakati huo tayari koo hizo zilikuwa zimezaa makala za kisayansi zaidi ya 100, hakimiliki 11 za Marekani, na hata majaribio ya dawa kwa wagonjwa. Huko China nako ukoo Eca-109, uliotumika kuchunguza aina inayotupata sisi, umeonekana kuwa ni HeLa.

*Saratani ya titi.* Ukoo MDA-MB-435 ulitumika kwa miaka mingi kueleza jinsi saratani ya titi inavyosambaa mwilini. Kuanzia mwaka 2000 ushahidi ulianza kuonyesha kwamba seli hizo ni za saratani ya ngozi iitwayo melanoma, kutoka kwa mgonjwa mwingine.

Mgonjwa aliyelala Ocean Road, KCMC au Bugando hajui habari za vichupa hivi. Lakini miaka ambayo watafiti waliitumia kwenye njia isiyo sahihi ni miaka ambayo yeye anaisubiri.

Ukubwa wa hasara

Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walihesabu makala za kisayansi zilizotumia koo zinazojulikana kuwa na majina yasiyo sahihi. Walikuta makala 32,755. Si kila moja ni batili, kwa maana kuna majaribio ambayo aina ya seli haibadilishi jibu. Lakini makala hizo zimenukuliwa na makala nyingine nyingi zaidi, kama vikonyo vilivyogawiwa kwa majirani.

Tangu mwaka 2012 ipo Kamati ya Kimataifa ya Uthibitisho wa Koo za Seli, kwa kifupi ICLAC, ambayo hutunza orodha ya koo zilizokosewa. Orodha hiyo ina majina zaidi ya 500, na mtu yeyote anaweza kuisoma bila malipo.

Nyuma ya hasara hiyo kuna fedha. Nyingine ni za kodi, nyingine ni za makampuni, na nyingine ni sadaka na michango ya watu wa kawaida waliopoteza ndugu kwa saratani na kutaka kusaidia wengine. Iko pia hasara isiyohesabika kwa fedha. Mtu aliyekubali kipande cha mwili wake kitumike kwa faida ya wengine ametoa zawadi. Jina lake likipotea na seli zake zikaitwa za mtu mwingine, zawadi hiyo imetupwa.

Dawa ya tatizo ipo

Jambo la kutia moyo ni kwamba tiba ya tatizo hili inajulikana na si ghali. Wasomaji wetu wanafahamu kipimo cha vinasaba kinachofanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali pale kunapokuwa na mgogoro kuhusu baba wa mtoto. Kipimo cha koo za seli ni cha aina hiyo hiyo. Huangalia sehemu fulani za vinasaba ambazo hutofautiana kati ya mtu na mtu, kisha majibu hulinganishwa na rekodi za ukoo halisi. Gharama yake kwa sampuli ni dola za Marekani mia moja au mia kadhaa, wakati mradi wenyewe huweza kugharimu maelfu au mamilioni.

Baadhi ya koo zina alama yake ya asili. Daudi, kwa mfano, inakosa protini moja ndogo ambayo karibu kila seli ya binadamu huibeba juu yake. Mtafiti akiikuta protini hiyo kwenye kichupa kilichoandikwa Daudi, anajua mara moja kwamba kuna jambo.

Zipo pia benki za seli zinazotambulika, kama ATCC ya Marekani, DSMZ ya Ujerumani na ECACC ya Uingereza, ambazo hupima kabla ya kugawa. Tangu mwaka 2016 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zinawataka waombaji wa fedha kueleza watakavyothibitisha seli zao, na majarida kadhaa hudai uthibitisho kabla ya kuchapisha. Kinachobaki ni watu kufanya.

Je, chanjo na vipimo vya hospitali ni salama?

Tunajua kwamba habari kama hii ikipita mdomo kwa mdomo inaweza kugeuka na kuwa "chanjo zina seli za saratani". Hivyo basi tunaomba wanakamati waelewe vizuri.

Kwanza, mgonjwa anapokatwa kinyama hospitalini ili kupima saratani, daktari huangalia kinyama chake mwenyewe. Koo za seli tunazozizungumzia hapa ni za utafiti.

Pili, dawa mpya haitoki kwenye kichupa kwenda moja kwa moja kwa mgonjwa. Hupita kwenye majaribio ya wanyama na ya watu, na hapa nchini husajiliwa na TMDA. Mara nyingi seli zisizo sahihi hazileti dawa mbaya. Huleta dawa isiyopatikana.

Tatu, chanjo nyingine huoteshwa kwenye seli, mfano seli za Vero zilizotokana na figo ya tumbili wa Afrika mwaka 1962. Benki za seli hizo hupimwa kwa masharti makali. Masharti hayo yalitokana na funzo la kweli: kati ya mwaka 1955 na 1963 baadhi ya chanjo za polio ziliingiliwa na kirusi cha nyani kiitwacho SV40. Kirusi kilipogunduliwa, utaratibu ulibadilishwa. Tafiti nyingi zilizowafuatilia waliochanjwa hazikuonyesha ongezeko la saratani lililothibitishwa. Kupima ndiko kulikoliondoa tatizo lile.

Nne, saratani ya shingo ya kizazi, ile iliyomuua Henrietta Lacks, ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Leo tunajua inaletwa na kirusi cha HPV, na seli za HeLa zenyewe zina kirusi hicho cha aina ya 18. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Tunawahimiza wazazi wa sharika zetu wawapeleke mabinti zao.

Maswali ya kuuliza

Mwanakamati hahitaji kuwa daktari ili aulize swali zuri, kama vile asivyohitaji kuwa fundi ili aulize stakabadhi ya saruji. Tunapendekeza yafuatayo.

*Kwa wafadhili wanaochangia utafiti wa maabara:*

1. Seli zitakazotumika zinatoka wapi? Ni benki inayotambulika au ni kwa rafiki?
2. Zimelinganishwa na orodha ya ICLAC?
3. Kipimo cha vinasaba kimefanyika lini, na majibu yanaweza kuonekana?
4. Maikoplasma hupimwa kila baada ya muda gani?
5. Je, bajeti ina fungu la uthibitisho? Kama halipo, tafadhali liongezeni. Ni fungu dogo linalolinda mafungu yote mengine.

*Kwa kamati za sharika, watafiti wanapokuja kwetu:*

1. Utafiti una kibali cha maadili kutoka kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR? Ombeni kuona barua.
2. Mshiriki ameelezwa kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili, Kinyiha au Kinyamwanga, na ameruhusiwa kukataa bila kunyimwa matibabu?
3. Sampuli itabaki nchini au itasafirishwa? Kama itasafirishwa, mkataba wa kuihamisha upo?
4. Seli zitatunzwa kwa matumizi ya baadaye? Mshiriki amekubali hilo waziwazi?
5. Sampuli inatambulishwaje ili isichanganyike na ya mtu mwingine, na wakati huo huo jina la mshiriki lisienee ovyo?

Swali hili la mwisho linahusu pia kazi zetu za kila siku. Kopo la makohozi linalotoka zahanati ya kijijini kwenda hospitali kupimwa kifua kikuu lina hatari ile ile ya kichupa cha Stockholm au California. Tunawaomba wahudumu waandike namba kwenye kopo lenyewe na si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Walinganishe pia kopo na fomu mbele ya mgonjwa kabla hajaondoka.

Hitimisho

Mwezi Agosti 2023, miaka zaidi ya 70 baada ya kifo chake, familia ya Henrietta Lacks ilifikia mapatano na kampuni moja kubwa ya Marekani iliyokuwa ikiuza bidhaa zitokanazo na seli zake. Dunia imeanza kutambua kwamba seli zina mwenyewe. Kwa maoni yetu, heshima ya kwanza kwa mwenye seli, kabla hata ya fedha, ni kuhakikisha kwamba kile kinachoitwa kwa jina lake ni chake kweli.

Utafiti wa tiba tunauhitaji, na tutaendelea kuuunga mkono. Hospitali ya ndugu zetu Wamoravian hapa Mbozi Mission, zahanati zetu na wagonjwa wetu wote hutumia matunda yake kila siku. Ndiyo sababu tunaomba kila anayetoa fedha na kila anayetoa damu aulize swali moja bila woga: mmethibitisha? Mtafiti makini hatachukizwa na swali hilo. Atafurahi, na atawaonyesha karatasi.

Kamati zinazohitaji maswali haya kwa ajili ya vikao vyao zinaruhusiwa kuyanakili na kuyatumia kama yalivyo.